Ng'ombe ameshiba, ndoo haijai

Kiangazi kikishakolea, barabara zinazopanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Uru na Old Moshi hugeuka barabara za majani. Pikapu zinapanda zimerundikwa mabua ya mahindi mpaka vioo vya pembeni havina kazi. Bodaboda hubeba mzigo mpana kuliko njia yenyewe. Akina mama wanapanda kwa miguu, mzigo kichwani, mundu umechomekwa katikati ya majani. Ndizi zinashuka, majani yanapanda. Samadi ya majani hayo haishuki tena. Inabaki kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, chini ya migomba na kahawa, na mashamba ya tambarare yanazidi kuchoka ili mlima unawiri. Hilo ni deni ambalo sisi watu wa juu hatupendi kulizungumzia.

Leo nazungumzia kilichomo ndani ya mzigo wenyewe. Mtu ananunua pikapu nzima, ng'ombe anakula mpaka tumbo linakuwa ngoma, anacheua kwa utulivu, na jioni ndoo inatoka nusu. Mwenye ng'ombe analaumu mbegu aliyopandishia, analaumu pumba za dukani, akizidiwa analaumu jicho la jirani. Majani hayalaumiwi, kwa sababu majani ni majani.

Lakini majani si majani tu. Tuanze na maji. Ng'ombe wa maziwa mwenye kilo 400 anahitaji kama kilo 12 za chakula kikavu kwa siku, yaani kile kinachobaki maji yote yakiondolewa. Mabingobingo mabichi, yale majani marefu wengine wanayaita nepia, yana maji asilimia 80 au zaidi. Ili apate kilo zake 12, inabidi ale kilo 60 hadi 70 za majani mabichi. Mzigo wa kichwani, hata kwa mama mwenye nguvu zake, ni kilo 25 au 30. Kwa hiyo mzigo mmoja asubuhi na "kitu kidogo" jioni haujafika popote. Shina la mgomba tunalolikatakata na kulimimina kwenye hori ndiyo kabisa: zaidi ya asilimia 90 yake ni maji. Linamsaidia ng'ombe kukata kiu, na kiangazi si msaada mdogo, ila tusiliite chakula.

Hiyo ni hesabu ya ujazo. Ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo inayoeleza ndoo.

Tumbo la kwanza la ng'ombe, lile kubwa lililo upande wa kushoto, ni pipa la kuchachushia. Yeyote aliyewahi kuona mbege, pombe yetu ya ndizi, ikipikwa atanielewa upesi: vitu vinaingia, vinakaa, viumbe wasioonekana kwa macho wanavifanyia kazi, povu na gesi vinapanda. Ng'ombe mwenyewe hawezi kuvunja selulosi, ule uzi mgumu unaojenga kuta za jani. Wanaoweza ni bakteria. Wao ndio wanaokula majani. Ng'ombe anaishi kwa kile wanachokitoa, kisha wakiteremka kwenye tumbo la nne anawameng'enya hao hao waliomfanyia kazi. Dunia haina shukrani. Basi mfugaji asijiulize ng'ombe anapenda nini. Ajiulize bakteria wanahitaji nini.

Wanahitaji vitu viwili kwa pamoja: nguvu, inayotoka kwenye nyuzi na sukari za majani, na naitrojini ya kujengea miili yao, inayotoka hasa kwenye protini. Protini ya majani, ikipimwa kwenye majani yaliyokaushwa, ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, bakteria wanapungua na kazi inadorora. Nyuzi zinakaa tumboni muda mrefu bila kuvunjika. Tumbo linabaki limejaa, na aliyejaa hali tena chakula. Mabua ya mahindi kwa kawaida yana protini ya asilimia 3 hadi 6. Majani makavu ya mpunga kutoka Mabogini na Chekereni hayana nafuu, na juu yake yana silika nyingi, kitu kile kile kinachofanya jani la mpunga likukwaruze mkono. Shibe ya ng'ombe wa kiangazi, kwa maneno mengine, ni foleni: chakula kimekwama njiani, na dereva aliyesimama kwenye foleni usimhesabie mwendo.

Kutoka hapo ndipo tofauti ya nyasi na mikunde inapoanza kuwa na maana. Nyasi ni ukoo wa mahindi, muwa, mpunga na ulezi: jani jembamba lenye mistari inayokwenda sambamba, shina lenye pingili, mizizi mingi myembamba kama ndevu. Mikunde ni ukoo wa maharage: jani lililogawanyika vijani vitatu au zaidi, ganda lenye mbegu, mzizi mkuu unaozama chini. Nyasi hutoa wingi na nguvu. Mikunde hutoa protini, mara nyingi asilimia 15 hadi 25, kwa sababu ina kiwanda chake yenyewe. Ng'oa ngwara au desmodiamu, mikunde miwili inayotambaa, taratibu, uone vinundu vidogo kwenye mizizi. Humo wanaishi bakteria wa aina nyingine, wanaokamata naitrojini ya hewani na kumpa mmea, naye anawalipa sukari. Kipasue kinundu kwa ukucha. Kikiwa cha rangi ya waridi ndani, kazi inaendelea. Kikiwa kijivu au cha kijani, kiwanda kimefungwa au hakijawahi kufunguliwa.

Kuna imani moja hapa inayohitaji kurekebishwa. Watu husema ukipanda mikunde katikati ya nyasi, mikunde "inazirutubisha" nyasi. Ni kweli, lakini si kama bomba linalovuja. Mmea ulio hai hautoi naitrojini yake ovyo. Nyasi huipata pale majani ya mkunde yanapodondoka, mizizi inapokufa na kuoza, au samadi na mkojo vinaporudi shambani. Ukikata kila kitu, ukabeba mpaka bandani, kisha samadi ukaipeleka yote kwenye migomba, lile shamba la malisho hujaliongezea kitu. Umelichota.

Tofauti nyingine haionekani upesi, ila ndiyo iliyoniulia desmodiamu. Kwenye nyasi, jicho la kuchipulia liko chini, karibu na udongo. Ndiyo maana ng'ombe anaweza kuzing'ata kila wiki na bado zikaota. Anachochukua ni jani, mama amebaki. Mikunde mingi ina macho yake kwenye ncha na kwenye makwapa ya majani. Mwaka wa kwanza nilikata desmodiamu yangu kama ninavyokata mabingobingo, chini kabisa, safi, nikajisifu. Iliyorudi ilikuwa robo. Mikunde inayotambaa ikatwe juu, ibakiwe na matawi yenye majani. Lusini, ile alfalfa ya Wamarekani, ni tofauti kidogo: inachipua kutoka kwenye taji lililo usawa wa ardhi, kwa hiyo inavumilia kukatwa chini.

Sasa niseme jambo ambalo laiti ningeambiwa mapema ningeokoa fedha nyingi: umri wa jani unashinda jina lake. Watu wananiuliza, "Mama, ni majani gani mazuri?" kana kwamba ubora umeandikwa kwenye mbegu. Nyasi changa ni jani tupu. Inavyokua inajenga shina la kubebea ua, na shina linahitaji kusimama, na ili lisimame linajipaka lignini, ambayo ni kama saruji inayomiminwa katikati ya nondo. Bakteria hawaivunji lignini, na selulosi iliyozungushiwa lignini hawaifikii. Mabingobingo ya wiki sita hadi nane, yakiwa na urefu wa kama mita moja, na yamepata samadi, yana protini karibu asilimia 10. Yaache mpaka miezi minne, yawe msitu unaompita mtu kimo, na protini inaweza kuwa imeshuka hadi 5 au 6. Mzigo umeongezeka, chakula kimepungua.

Mimi niliyaacha kwa makusudi. Yalikuwa mazuri kuyatazama, wageni wakayasifu, nikaona kuyakata mapema ni ufujaji. Wiki ile nilipoanza kuyalisha, maziwa yalishuka, nami nikamwita bwana mifugo aje apime ng'ombe ugonjwa. Alifika, akatazama hori, akaokota kipande cha shina kilichobaki, akajaribu kukivunja kwa goti. Hakikuvunjika. Akaniuliza kama nalisha ng'ombe au najenga uzio.

Kukata mapema nako kuna mpaka wake. Nyasi ikikatwa inarudi kwa kutumia akiba ya sukari iliyo kwenye vitako vya shina na mizizi. Ukiikata kila wiki tatu inarudi kwa kukopa, na baada ya mikopo michache inafilisika. Mashina yanakuwa membamba, magugu yanaingia katikati. Tena majani machanga mno ya mwanzo wa masika, yale ya wiki mbili tatu za mvua, yana maji mengi na nyuzi chache kiasi kwamba ng'ombe anaharisha. Si ugonjwa. Changanya na mabua au hei kidogo, yaani majani yaliyokatwa na kukaushwa, pipa litulie.

Baada ya umri, ndipo jina lina kazi, na kazi yake kubwa ni kukwambia mmea utaota wapi. Mabingobingo ndiyo mfalme wa kihamba na wa Arumeru nzima kwa sababu hakuna kinachozaa wingi kama huo kwenye kipande kidogo penye mvua na rutuba. Hupandwa kwa pingili: kata shina lenye macho matatu, mawili yaingie ardhini kwa kuinama, moja libaki juu. Penye mvua haba, wakulima wa Kenya wana mtindo wenye jina la Kiswahili safi, tumbukiza: unachimba shimo la kama sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, unalijaza udongo uliochanganywa na samadi, unatumbukiza pingili kadhaa humo. Shimo linashika maji, na majani yanabaki kijani wiki kadhaa baada ya jirani kukauka. Tatizo la mabingobingo ni uchoyo. Yanakula rutuba kwa kasi, na asiyerudisha samadi atayaona yanafifia mwaka hadi mwaka. Pia yana ugonjwa wa kudumaa, ulioenea Afrika Mashariki: machipukizi yanatoka mafupi, ya manjano, yamebanana kama kichaka kidogo, na kisha shina zima linakufa. Unaenezwa na mdudu arukaye mfano wa panzi mdogo, na kwa pingili tunazogawiana kwa upendo. Usichukue pingili kwa mtu kabla ya kulitazama shamba lake.

Guatemala ni yule ndugu mzito asiyeugua. Jani lake pana na gumu, protini yake si ya kujivunia, lakini linasimama kwenye kingo za makinga maji na pembezoni mwa masale, ile mimea yetu ya mpaka, linazuia udongo usiteremke, na kiangazi likiwa bado kijani unalishukuru. Setaria inafaa kwenye baridi na unyevu wa juu. Ina oksalati, kwa hiyo punda na farasi waiepuke. Ng'ombe akiila pamoja na majani mengine haina neno.

Kwa hei, kama uko chini penye jua la kukaushia, kuanzia Usa River kwenda Kisongo au huku Siha na West Kilimanjaro, majani ya Rhodes ndiyo yenyewe. Shina jembamba, linakauka haraka, jani halidondoki. Jina ni la Cecil Rhodes, aliyeyapanda kwenye shamba lake karibu na Cape Town mwishoni mwa karne ya 19. Majani ya Afrika, jina la mkoloni, tumeshazoea. Mbegu zake ni ndogo na nyepesi kama makapi, na wengi wanaolalamika kwamba "hazikuota" walizifukia mno. Zinataka kufunikwa kidogo tu, sentimita moja, kisha ardhi igandamizwe. Yakatwe yanapoanza kutoa maua, si yakishakuwa na rangi ya dhahabu. Rangi ya dhahabu ni nzuri kwenye picha.

Kuna nyasi nyingine mbili ambazo vijana sasa wanaziuza kwa simu kama bidhaa ngeni kutoka Brazil: brakiaria na Mombasa. Brakiaria ni nyasi za Afrika. Zilichukuliwa, zikafika Amerika ya Kusini, zikafunika mamilioni kwa mamilioni ya hekta za malisho ya Brazil, na nyingine zikachanganywa huko Kolombia zikatoka chotara kama Mulato II, ambazo sasa zinarudi kwetu kwenye pakiti. Ni nzuri kweli: zinavumilia ukame na udongo wenye asidi, na zina majani mengi kuliko shina. Ya Mombasa inachekesha zaidi. Watafiti wa Kifaransa walikusanya nyasi ya jamii ya Gini maeneo ya Korogwe, mkoani Tanga, miaka ya 1960. Wabrazil wakaichagua, wakaipa jina la Mombasa kwa maandishi yao, wakaitoa kwa wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ndugu yake, iliyotoka Korogwe hiyo hiyo, waliiita Tanzania. Leo mtu wa Moshi ananunua mbegu ya Korogwe iliyopitia Brazil, yenye jina la Mombasa, kwa bei ya dola. Nenda Korogwe ukatazame kando ya barabara kabla hujatuma hela. Utani tu, mbegu iliyochaguliwa na kusafishwa si sawa na ile ya kando ya barabara. Lakini nyasi ya Gini ina sifa moja inayotufaa sana sisi wa kihamba: inavumilia kivuli. Chini ya migomba na mikahawa, pale ambapo Rhodes haiwezi kabisa, yenyewe inajitahidi.

Na ukoka? Ukoka haupandwi na haufi. Ni mtamu kwa ng'ombe, unavumilia kukanyagwa, lakini unazaa kidogo. Uache mbuzi waufaidi, na usiuache uingie kwenye mahindi.

Tuje kwenye mikunde, ambako wafugaji wengi wa hapa tuko nyuma. Ngwara tunaijua vizuri, kwa sababu Arusha na Karatu inalimwa na mahindi na mbegu zake zinauzwa. Wachache wanaikumbuka kama malisho, ilhali mzizi wake unazama, na mahindi yakishavunwa, mabua yamekauka, ngwara bado inatambaa kijani juu yake. Mabua na ngwara kwenye hori moja: hapo bakteria wamepata nyuzi na naitrojini, na foleni inaanza kusogea. Hata makapi ya maharage, ambayo watu wengine huyachoma, yana heshima kuliko mabua.

Desmodiamu ipo ya aina mbili zinazoonekana sana, yenye jani la kijani na yenye mstari wa fedha katikati ya jani. Inaanza polepole, miezi ya mwanzo inahitaji palizi ya kweli, halafu ikishika inafunika ardhi. Inastahimili kivuli kiasi. Ndiyo pia mmea wa ule mpango wa sukuma-vuta uliotengenezwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kenya, pamoja na wenzao wa Uingereza: desmodiamu katikati ya mahindi inatoa harufu inayowafukuza nondo wa bungua, mabingobingo au brakiaria pembezoni inawavuta watoke, na mizizi ya desmodiamu inalifanya gugu la kiduha liote na kufa kabla ya kushika hindi. Unapata mahindi na lishe kwenye shamba moja.

Lusini ndiyo yenye sifa kuliko zote na, kwa maoni yangu, ndiyo inayowaangusha wengi hapa mlimani. Haitaki udongo wenye asidi, na udongo mwingi wa ukanda wa kahawa una asidi. Ni mchaguzi hata wa bakteria wa vinundu. Udongo ambao haujawahi kuota lusini huenda hauna wale inaowataka. Huku chini kwenye umwagiliaji, penye udongo usio chachu, inapendeza. Lakini ukiwa Kibosho na robo eka, acha kushindana nayo, panda miti.

Miti ya malisho ni mikunde inayosimama, na kihamba kimezoea mambo ya ghorofa. Kaliandra asili yake ni Amerika ya Kati. Utafiti uliofanyika Embu, Kenya, ulionyesha kwamba kilo 3 za majani yake mabichi zinaweza kuchukua nafasi ya kilo moja ya chakula cha ng'ombe wa maziwa cha kununua, na makadirio ni kwamba miti kama 500 inamtosha ng'ombe mmoja. Mia tano inasikika nyingi mpaka ukumbuke kwamba inapandwa kama uzio, na kihamba chako tayari kina uzio usiozaa kitu. Ilishwe mbichi, ikikaushwa tanini zake, zile kemikali chungu za majani, zinafanya protini isimeng'enyeke vizuri.

Mlusina, usiuchanganye na lusini kwa sababu ya jina, ni mti wenye kisa. Una protini nyingi sana, lakini una kemikali iitwayo mimosini, inayofanya manyoya yanyonyoke na tezi ya shingo ivimbe. Australia ng'ombe waliolishwa mlusina walidhurika, ilhali mbuzi wa Hawaii waliula bila shida. Mtafiti Raymond Jones alishuku kwamba mbuzi wale wana bakteria tumboni wanaovunja sumu hiyo, akachukua maji ya tumbo lao, akawapa wanyama wa Australia, wakapona. Bakteria huyo ana jina lake hadi leo. Kwetu sisi kanuni ya kawaida inatosha: mlusina usizidi theluthi ya chakula, na sungura na punda usiwape kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mti huu ulivamiwa na wadudu wadogo wanaonyonya machipukizi, ndiyo maana wazee wengi waliokuwa nao wakati ule wakaung'oa, na vijana wanaosikia habari zake leo wanadhani ni uvumbuzi mpya.

Mikunde ina hatari nyingine, na hii inaua kwa saa chache. Ng'ombe mwenye njaa akiingia kwenye lusini changa yenye umande, gesi inanaswa kwenye povu tumboni, hawezi kuicheulia, ubavu wa kushoto unavimba mpaka unapita mgongo. Lusini inyaushwe kwanza, saa kadhaa, na ng'ombe ale nyasi kabla. Mafuta ya kula anayonyweshwa ng'ombe huvunja povu na kukupa muda wakati unampigia daktari. Desmodiamu na kaliandra hazifanyi hivyo, kwa sababu tanini zao zinazuia povu kujengeka. Kile kinachozifanya ziwe chungu kidogo ndicho kinachozifanya ziwe salama. Kwa upande wa nyasi, wa kuogopwa ni mtama mchanga, au uliochipua upya baada ya ukame: una sumu ya sianidi. Usubiri upite magoti, na zaidi.

Mchanganyiko unaofaa kwa ng'ombe wa maziwa asiye na makuu ni theluthi mbili nyasi, theluthi moja mikunde, kwa uzito wa vitu vikavu. Juu ya hapo pumba, mashudu ya alizeti au machicha ya mbege vinaongeza maziwa. Bila mchanganyiko huo vinaziba tu pengo la majani mabaya, na ni kiraka cha bei. Molasi inayotoka kwenye kiwanda cha sukari cha TPC, hapo chini ya mji, inafaa kunyunyiziwa mabua na kusaidia sileji, majani mabichi yanayofungiwa bila hewa, ichachuke. Lakini molasi ni nguvu, si protini. Mabua yenye molasi bila mkunde wowote ni foleni yenye muziki.

Wamasai wa Monduli na Longido walilijua suala la umri na akiba kabla ya makala kama hii. Wana alalili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kuachwa lisimame mpaka kiangazi, likalishiwa ndama na wagonjwa kwanza. Nyasi iliyosimama haina ubora wa hei iliyokatwa kwa wakati, hilo ni kweli. Ila kupumzisha kunafanya kazi nyingine: nyasi za kudumu, zenye mizizi mirefu, zinajaza akiba yake. Malisho yasiyopumzishwa huziua hizo kwanza, kwa sababu ndizo tamu, na nafasi yake inashikwa na nyasi za msimu zinazoota mwezi mmoja na kutoweka, kisha magugu. Tangu gugu karoti lilipoonekana Arusha mwaka 2010 limefika kando ya barabara nyingi. Ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu, na anayelikata kwa mkono mtupu ngozi inamwasha. Ukikata majani barabarani, lijue kwa sura: jani kama la karoti, maua meupe madogo kama punje za mchele.

Ng'ombe hanenepi siku ya mnada, na mikunde haipandwi Agosti. Kaliandra inayoingia ardhini masika hii huanza kukatwa mwaka unaofuata. Kati ya leo na wakati huo wengi wetu tutaendelea kununua, kwa hiyo nimejifunza kununua kwa mikono. Juzi nilisimama kwenye rundo la marobota ya hei, nikavuta majani ya katikati, si ya juu. Nikatazama jani ni kiasi gani na shina ni kiasi gani. Nikakunja shina: likipinda ni jema, likikatika kama kuni nalirudisha. Nikanusa, maana ukungu unajificha ndani. Nikatafuta vichwa vya mbegu vilivyokwisha kupukutika, dalili kwamba yalikatwa yakiwa wazee. Nikarudia kwenye robota la pili, la tatu, la nne.

Muuzaji alivumilia, kisha akashindwa. "Mama, hayo ni majani. Mbona kama unachagua kanga ya harusi?"

Nikamwonyesha lile la chini kabisa ya rundo, lenye jani jingi na rangi ya kijani iliyofifia kidogo. Akatazama marobota kumi yaliyokuwa juu yake, akavua kofia, akaanza kushusha.